Barua kwa Mpwa Wangu Aliyechaguliwa Kuwa Mzee wa Kanisa

Tumutumu, Nyeri

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua imeanza vizuri na baba yako anashinda shambani, kwa hiyo nyumba imetulia nami nimepata wasaa wa kukujibu kwa kirefu kama ulivyoomba.

Unasema washirika wamekuchagua uwe mzee wa kanisa, na tangu siku hiyo usingizi umekuhama. Ulifungua Ukiri wa Imani wa Westminster ili ujiandae, ukafika sura ya tatu, ukakuta humo kwamba kabla ya kuumba ulimwengu Mungu aliwawekea baadhi ya wanadamu uzima wa milele na wengine mauti ya milele, kwa idadi isiyoongezeka wala kupungua. Moyo wako umekataa. Na wale vijana mnaokutana jioni kusoma vitabu vya theolojia wamekwambia pasipo kuficha kwamba asiyezikubali nukta tano za Ukalvini, yaani muhtasari wa fundisho hilo la uteule, si Mpresbiteri, na kwamba ukipiga magoti kuwekewa mikono utakuwa umesema uongo mbele za Mungu. Sasa unaniuliza ufanye lipi: ukatae uzee na uhamie kanisa lingine, au ufunge mdomo na uape.

Usifanye hata moja, mwanangu. Mimi pia siiamini sura hiyo kama ilivyoandikwa. Nimekuwa mzee wa Kanisa hili la Presbiteri kwa miaka mingi, na mchungaji aliyeniweka wakfu aliujua msimamo wangu kabla ya siku ile, kwa sababu nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali magumu, kisha akasema tuendelee. Sikujificha wakati ule na sijajificha hadi leo.

Lakini kabla ya kukataa fundisho, lijue kwanza, tena ulijue kwa wema. Wenzako wamekupa nukta tano kana kwamba ndizo Calvin, yule mwanamatengenezo wa Geneva, alizofundisha kwa mpangilio huo. Calvin alifariki mwaka 1564. Nukta tano zilizaliwa Uholanzi baada ya yeye kuwa kaburini zaidi ya nusu karne. Wafuasi wa Jacobus Arminius, mwalimu wa Leiden aliyefariki mwaka 1609, waliandika hoja tano mwaka 1610 wakiomba Kanisa lilegeze fundisho la uteule. Sinodi ya Dordrecht ikaketi kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619 na kuzijibu moja baada ya nyingine. Idadi ilipangwa na waliokuwa wakipinga. Na usidhani ilikuwa mijadala ya Biblia peke yake. Nchi ilikuwa inagombaniwa na wakuu wawili, na kila upande wa theolojia ulikuwa na mwanasiasa wake. Johan van Oldenbarnevelt, mmoja wao, aliyewakingia kifua wafuasi wa Arminius, alikatwa kichwa huko The Hague tarehe 13 Mei 1619, siku chache baada ya wajumbe wa nchi za nje waliokuja sinodini kuagana. Wachungaji wapatao 200 waliondolewa katika makanisa yao. Mtu anapokuletea nukta hizo kama kipimo kisafi cha imani, kumbuka zilipimwa siku gani na upanga ulikuwa mkononi mwa nani.

Sasa upande wa wema. Calvin alikuwa mkimbizi. Alitoroka Ufaransa, na wengi waliomsikiliza Geneva walikuwa wakimbizi kama yeye, watu walioacha mashamba na maduka yao, na jamaa zao wakachomwa moto kwa sababu ya imani. Kwa watu hao, kuambiwa kwamba wokovu wako uko mikononi mwa Mungu tangu kabla ya dunia kuwapo kulikuwa faraja kubwa. Mfalme hawezi kuufikia. Woga wako mwenyewe hauwezi kuuvunja. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akimtukana Calvin. Yeye mwenyewe alikiri kwamba amri hiyo ya Mungu inatisha, na katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, aliiweka katika kitabu cha tatu, mara tu baada ya sura ndefu ya maombi. Yaani mtu anaifikia akiwa ameshaamini, ameshaomba, na sasa anatazama nyuma na kushangaa amefikaje hapo. Waandishi wa Westminster walifanya tofauti. Waliiweka sura ya tatu, kabla hata ya uumbaji, ambao ni sura ya nne. Ukisoma kwa utaratibu huo unakutana na orodha ya watakaopotea kabla hujakutana na Adamu, na kabla hujasikia kwamba dunia iliumbwa ikawa njema. Kwangu hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ushuhuda wa mtu aliyeokolewa uligeuzwa kuwa kanuni ya kueleza jinsi Mungu anavyoendesha watu wote, pamoja na wale wasiomjua.

Nayashika mengi ya Ukalvini, tena kwa mikono miwili. Naamini neema hutangulia. Naamini hakuna aliyemtafuta Mungu ambaye Mungu hakuwa amemtafuta kwanza. Tunapobatiza mtoto mchanga pale mbele, amelala, hajui lolote, ndipo imani yangu yote inapoonekana: amepewa kabla hajaomba. Ninachokataa ni upande wa pili wa shilingi waliouchonga watu wa Westminster, kwamba Mungu aliwapita wengine kwa makusudi kabla hawajatenda jema wala baya, na kwamba Kristo hakufa kwa ajili yao. Wenzako watakupeleka Warumi 9. Nenda nao. Ila usikubali wakufungie kitabu hapo, maana Paulo hakuishia hapo. Hoja yake inapita sura ya kumi na kufika mwisho wa sura ya 11, ambako kufungwa kwa wote katika uasi kunaelezwa kwamba kulikuwa kwa ajili ya kuwarehemu wote. Soma pia alichomwandikia Timotheo katika waraka wa kwanza, sura ya pili, juu ya Mungu anachotaka kwa watu wote. Kuna watu wanaosema "wote" hapo maana yake ni watu wa kila namna. Nimesoma hoja yao mara nyingi na haijanishawishi.

Nikwambie kilichonifanya nisiweze tena kulichukulia jambo hili kama mjadala wa vijana jioni. Katika wilaya yangu ya kanisa kulikuwa na mama kijana aliyejifungua mtoto wa kiume, mtoto akafariki siku ya tatu, hajabatizwa. Nilikwenda kukaa naye. Alikuwa kitandani ameshika kofia ya sufi aliyoifuma mwenyewe, ya rangi ya maziwa, anaifungua uzi mmoja mmoja na kuuzungusha kidoleni. Kabla yangu alikuwa amekuja mtu mmoja aliyesoma mambo haya, akamfariji kwa kumwambia kwamba watoto wachanga walioteuliwa huokolewa. Yule mama aliniangalia akaniuliza, "Na wangu?" Hakulia. Alitaka jibu tu.

Nilimwambia mtoto wake yuko kwa Bwana aliyewaita watoto waje kwake, na kwamba nasema hivyo nikiwa mzee wa kanisa, si jirani tu anayetafuta maneno ya kupoza. Kisha nilirudi nyumbani nikaitafuta ile kauli. Imo katika Westminster, sura ya kumi, kifungu cha tatu: wanaotajwa kuokolewa ni watoto wachanga walio wateule. Waandishi walinyamaza juu ya wengine, na kimya hicho ndicho kilichomfikia yule mama kitandani pake. Jambo la kutafakari ni kwamba hata Dordrecht, wale watu wakali, walisita hapo. Walipofika kwenye watoto wa waamini wanaokufa wakiwa wachanga, katika sura yao ya kwanza walisema wazazi wanaomcha Mungu wasiwe na shaka. Ukiona fundisho linabidi lisimamishwe kwenye kaburi la mtoto, jiulize kama lilikuwa sawa huko lilikotoka.

Basi sasa nikujibu swali la unafiki. Hapa nataka ukae na habari za John McLeod Campbell, maana bila kumjua yeye huwezi kuelewa Injili ilitufikia kutoka Scotland ya namna gani. Mwaka 1825, akiwa na miaka 25, alipewa kanisa la Row, kijiji kilicho kando ya maji ya Gare Loch, magharibi mwa nchi ile. Alikuwa mtu wa kutembelea nyumba kwa nyumba, na katika kutembelea akagundua jambo. Watu wake walikuja ibadani, walijua katekisimu, waliitunza Jumapili. Lakini alipowauliza kama wanajua kwamba Mungu anawapenda, walisita. Wangejuaje? Walikuwa wamefundishwa kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wateule peke yao, na hakuna aliyekuwa na hakika kama jina lake limo. Wakawa wanajichunguza, wanatafuta ndani ya nafsi zao dalili ya kuteuliwa, leo wanaiona, kesho imepotea, kama mshitakiwa anayekusanya ushahidi wa kesi isiyokwisha. Aliwahimiza kutenda mema, wakayatenda kwa hofu. Akaona hofu yenyewe ndiyo ugonjwa.

Campbell akaanza kuhubiri kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu wote, kwa hiyo kila aliyeketi mbele yake ana haki ya kujua, leo hii, kwamba Mungu anampenda. Washirika wengine walimshitaki. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi, kutoka presbiteri hadi sinodi, mpaka ikafika Baraza Kuu huko Edinburgh mwezi Mei 1831. Baba yake, ambaye naye alikuwa mchungaji, wa kanisa la Kilninver, alikuwemo barazani. Mzee yule alisimama mbele ya ndugu zake wachungaji akasema kwamba anauinamia uamuzi wao wowote, kwamba hamhofii mwanawe kwa kuwa Bwana anayemtumikia hatamwacha, na kwamba maadamu yu hai hataona haya kuwa baba yake. Hakuwatukana. Hakutoka nje. Kisha kura zikapigwa, na mwana akavuliwa uchungaji akiwa na miaka 31.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata. Campbell hakuanzisha dhehebu, ingawa wafuasi alikuwa nao. Alihubiri kwa miaka mingi katika mkutano wake mdogo huko Glasgow, akaandika mwaka 1856 kitabu chake juu ya upatanisho, ambacho wanafunzi wa theolojia wanakisoma mpaka leo, na afya yake ilipodhoofika mwaka 1859 akawaelekeza watu wake wajiunge na kanisa la Barony kwa mchungaji Norman Macleod. Barony lilikuwa kanisa la Kanisa lile lile la Scotland lililomvua joho. Fikiria hilo, mwanangu. Alikuwa na kila sababu ya kuwaambia wasikanyage huko. Mwaka 1868 Chuo Kikuu cha Glasgow kikamtunuku udaktari wa heshima wa theolojia, na mwaka 1872 akafariki.

Miaka saba baada ya kifo chake, mwaka 1879, United Presbyterian Church ya huko Scotland ilipitisha tamko la kueleza namna ya kuushika Ukiri wa Westminster. Fundisho la uteule lishikwe pamoja na ukweli kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe, na watu waachiwe uhuru wa mawazo katika mambo yasiyogusa kiini cha imani. Free Church ya huko huko ikatoa tamko lake mwaka 1892. Wapo walioliona hilo kuwa usaliti, wakajitenga mwaka 1893, na siwadharau, kwa sababu waliona sawasawa kwamba mlango umefunguliwa. Sasa tazama tarehe. James Stewart na wenzake, wamisionari kutoka Scotland, walifika Kibwezi mwaka 1891. Misheni ikahamia Kikuyu mwaka 1898. Kanisa lililojengwa Thogoto, na baadaye hapa Tumutumu, lilipandwa na watu waliotoka katika nchi ambayo ilikuwa imelijadili swali lako kwa miaka sitini na kulitolea jibu. Mwaka 1921 Kanisa la Scotland liliweka jibu hilo katika ibara za katiba yake: Biblia ndiyo kipimo kikuu, Westminster ni kipimo kilicho chini yake, na uhuru wa mawazo unatambuliwa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba Mpresbiteri halisi ni yule asiyepinga hata mstari mmoja, anakuletea Upresbiteri ambao hata waliotuletea Habari Njema walikuwa wameuacha.

Tena Ukiri wenyewe unakupa ruhusa. Wenzako wameusoma sura ya tatu wakaishia hapo. Waambie wafungue sura ya 20, inayosema kwamba Bwana wa dhamiri ni Mungu peke yake. Waambie wafike sura ya 31, ambayo inakiri kwamba mabaraza na sinodi zote tangu siku za mitume zinaweza kukosea, na nyingi zimekosea, na kwa hiyo zisifanywe kuwa kanuni ya imani. Watu waliokaa Westminster kuanzia mwaka 1643 waliandika maneno hayo wakijua kwamba wao pia ni baraza. Huo ndio unyenyekevu ninaoupenda katika imani yetu ya Matengenezo, na sioni kwa nini niwaachie wengine jina hilo.

Usidhani pia ni Scotland tu. Ufaransa, Moïse Amyraut alifundisha Saumur kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote, akahojiwa katika sinodi ya Alençon mwaka 1637, akarudi darasani kwake. Karl Barth, Mswisi, mwanatheolojia wa kanisa la Kimatengenezo, aliupindua mpangilio mzima mwaka 1942: aliyeteuliwa ni Kristo, na aliyekataliwa kwa ajili yetu ni Kristo huyo huyo. Na aliye karibu nasi zaidi ni Harry Boer, mmisionari wa Christian Reformed Church ya Marekani, aliyefundisha wachungaji huko Bukuru, Nigeria, kwa miaka mingi. Yeye alishindwa kupata katika Maandiko msingi wa fundisho kwamba Mungu aliwakataa wengine tangu milele. Kwa hiyo akafuata njia ya Kanisa lake. Aliandika pingamizi rasmi, akaliwasilisha katika sinodi, akasubiri. Sinodi ya mwaka 1980 haikumkubalia. Alichapisha hoja zake kitabuni mwaka 1983 ili kila mtu azisome. Nampenda Boer kwa sababu alipinga hadharani, kwa jina lake, mbele ya wenye mamlaka ya kumjibu, na pale alipokataliwa hakugeuza kukataliwa kwake kuwa vita.

Najua utaniuliza: kama kila mtu atachagua anachotaka, Kanisa litabaki na nini? Ni swali zuri na usiliepuke. Mimi nisingekubali kumwekea mikono mtu anayesema Kristo hakufufuka, au anayefikiri amejiokoa kwa matendo yake na kwa sadaka anazotoa. Huyo amekwenda mahali pengine, na uaminifu ungemtaka aseme hivyo na aondoke. Ukianza kuamini kwamba ulimchagua Mungu kwa akili yako nzuri na kwamba jirani yako alipotea kwa sababu si mwerevu kama wewe, nitakwambia umeacha kilicho cha thamani zaidi katika Matengenezo, hata kama jina lako lingali katika daftari. Mpaka upo. Lakini haupiti katikati ya sura ya tatu. Swali la Mungu amewafanyia nini wasioamini, tangu milele, ni swali ambalo waumini wacha Mungu wametofautiana juu yake ndani ya makanisa haya haya kwa miaka 400.

Ukitaka kuona Kanisa letu linaishi vipi, sikiliza mimbara. Ule Uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Kenya uliwagusa Wapresbiteri wa huku kwa nguvu. Waliookoka walisimama sokoni na kandokando ya barabara wakimwita kila mpita njia aje msalabani, bila kumuuliza kwanza kama yumo katika orodha. Mpaka leo mchungaji wetu akimaliza mahubiri anawaita wote. Sijawahi kusikia katika mazishi yoyote mtu akisema marehemu huenda alipitwa. Kanisa linaomba kama mimi ninavyoamini, hata pale ambapo kitabu kinasema vingine. Na mgawanyiko mkubwa tulioupata, ule wa mwaka 1929 uliowatoa washirika wengi mno katika misheni za huku na kuzaa shule na makanisa ya kujitegemea, haukuhusu uteule hata kidogo. Ulihusu tohara ya wasichana, na jinsi kiapo kilivyowekwa mbele ya watu wakatakiwa kuchagua siku hiyo hiyo. Wazee wa hapa bado wanaukumbuka kwa uchungu kutokana na waliyosimuliwa na wazazi wao. Kwa hiyo nikisikia kijana anamwambia mwenzake "tia sahihi au toka", mwili unanisisimka, hata kama jambo lenyewe ni tofauti.

Na mimi mwenyewe kuketi katika baraza la wazee ni ushahidi. Waliokaa Westminster hawakuwaza kwamba mwanamke angeketi pale. Mwaka 1982 Kanisa letu lilimwekea mikono Nyambura Njoroge kuwa mchungaji, mwanamke wa kwanza, na mimi nilikuwa mmoja wa wengi waliolia kwa furaha siku tulipopata habari. Kanisa lililoweza kuisoma Biblia upya katika jambo hilo linaweza kukustahimili wewe na sura yako ya tatu.

Sitaki kukuficha gharama. Kuna siku utakaa katika somo ambapo mwalimu atasema kwa uhakika jambo usiloliamini, na itabidi upime kama ni mahali pa kusema au pa kunyamaza. Mimi hunyamaza pale ambapo kusema kungemwaibisha mtu mbele ya wadogo zake, na husema pale ambapo kuna mtu anayeumia, kama yule mama. Mara nyingine nimekosa usingizi kama wewe. Kubaki si jambo jepesi, na mtu anayekuahidi raha hakwambii kweli. Lakini huko unakofikiria kuhamia nako kuna kitabu chenye sura usizozipenda. Na hapa una watu waliokubatiza, wanaolijua jina la babu yako, waliotembea kutoka milimani kuja kumzika mama yetu, mimi na baba yako, mvua ikinyesha. Una utaratibu ambao mchungaji hawezi kuwa mfalme, kwa sababu wazee wameketi naye meza moja na presbiteri iko juu yao wote. Wengi katika nchi hii wangetamani utaratibu huo siku kiongozi wao anapojenga jumba kwa sadaka zao.

Kuhusu wale vijana: usiache kukutana nao. Wanampenda Mungu na wanasoma, na wengi wa rika lenu hawafanyi lolote kati ya hayo mawili. Waambie wazi usichokiamini, uwaombe wakuonyeshe wapi umekosea, na ukikuta wamekuonyesha kweli, badilika. Ila wasikufanye uamini kwamba wao ndio Kanisa na wewe ni mgeni. Usipeleke mjadala huo kwa wanafunzi wa katekisimu, wala usiupandishe mimbarani siku utakayopewa zamu. Mtu aliyekuja kusikia Injili Jumapili asiondoke na ugomvi wa Dordrecht.

Sasa mambo ya kufanya. Mshirika wa kawaida haulizwi mengi. Mzee anaulizwa zaidi, kwa sababu anawalinda wengine. Kwa hiyo omba karatasi yenye maswali utakayoulizwa siku ya kuwekwa wakfu, yote, neno kwa neno, uyasome ukiwa peke yako. Kisha mwandikie mchungaji wako ukurasa mmoja. Taja vifungu: sura ya tatu kuanzia kifungu cha tatu hadi cha saba, na sura ya kumi kifungu cha tatu. Sema unaamini nini badala yake, na Maandiko gani yamekufikisha hapo. Usijipambe na usiombe radhi. Mpelekee mwenyewe kwa mkono, na mwombe aujadili na wazee kabla ya kikao, si baada yake, ili wakikukubali wawe wamekukubali wewe halisi. Wakisema hawawezi, pokea jibu lao kwa heshima kama yule mzee wa Kilninver, uendelee kuwa mshirika na kuimba kwaya kama kawaida. Uzee unaweza kungoja, nao huja tena.

Nitumie nakala ya ukurasa huo kabla hujaupeleka. Nitausoma na kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikisahihisha insha zako. Baba yako sijamwambia. Hilo nakuachia wewe, ila nadhani atakuelewa kuliko unavyotarajia. Basi linalotoka Karatina Jumamosi lina dereva ninayemjua, kwa hiyo ukitaka kile kitabu cha Campbell nitakifunga na kukituma kwake, ukakichukue stendi jioni. Uniambie kabla ya Ijumaa.

Shangazi yako akupendaye